Usiachie Mpaka Usikie Sikahau

Scarborough, Jumamosi, saa nane mchana

Atupele mwanangu,

Mmeondoka na mama yako kwenda kuagana na watu wa kanisani, nami nimebaki kwa sababu niliwaambia boila ya jengo inavuja. Boila haina ubaya wowote. Nimeshuka huku chini kwenye kichumba changu cha vifaa, nimegeuza ndoo nikaikalia, na karatasi nimeilaza juu ya sanduku la spana. Nimedanganya ili nipate saa mbili tatu za kukuandikia. Naanza kwa kukiri uongo huo mdogo, maana huko mbele kuna mkubwa.

Habari za pasipoti, chanjo, sweta na dawa ya tumbo mama yako keshakwambia mara kumi, na kesho njiani atakwambia mara ya kumi na moja. Huko siingii.

Nakuandikia kwa Kiswahili makusudi. Najua utasoma polepole. Soma kwa sauti, ujisikie mwenyewe, maana masikio yako yanakijua Kiswahili kuliko macho. Kiingereza changu mimi ni cha kujazia fomu na cha kugombana na wapangaji wanaomwaga mafuta kwenye sinki. Hakijui kuomba radhi.

Nataka kusema juu ya siku ile ya treni kule Uchina.

Miaka minne sasa hatujaizungumzia, lakini picha yake ipo juu ya televisheni. Wewe una miaka kumi na minne na shingoni una vile vidude vyako vya kusikilizia kaseti. Mama yako ameshika kofia isipeperuke. Mimi nimenuna kama mtu aliyetoka kung'olewa jino, na nyuma yetu Ukuta Mkuu unaingia baharini. Wageni wakija wanasema, lo, nyie mmetembea! Mama yako anawamiminia chai na kuwauliza habari za watoto wao.

Ili uelewe siku ile lazima nirudi nyuma kidogo. Vumilia, ni hadithi ya Fundi Guo, na unadhani unazijua zote.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, kibarua kwenye reli ya kwenda Zambia, kile kipande cha milimani kati ya Mlimba na Makambako chenye mahandaki. Fundi Guo ndiye alikuwa msimamizi wa kundi letu. Unajua jinsi alivyokuwa anafua shati lake kila jioni, na jinsi alivyolia machozi siku tuliyompa pilipili zetu akadhani ni zile za kwao. Hizo nimekusimulia mezani mpaka ukawa unanimalizia sentensi.

Kazi yetu ilikuwa kubeba magogo ya kuegemezea dari la handaki, watu wawili kwa gogo. Ndani giza, vumbi, kelele, kila mtu na lugha yake. Fundi Guo alikuwa na sheria moja tu: unapompokeza mwenzio mzigo, usiachie mpaka umsikie anasema "sikahau". Maana yake, nimeshika vizuri, wewe achia. Sisi vibarua tulijua ni Kichina. Tukalipenda lile neno. Tulilisema kwenye ndoo za maji, kwenye magunia, hata kwenye kupokezana sahani za ugali. Nikaja nalo hadi Kanada. Ulipokuwa unajifunza kutembea, kule chumbani kwetu Regent Park, ulikuwa unang'ang'ania ukingo wa kochi unatetemeka. Mimi nilichuchumaa mbele yako, nikanyoosha mikono, nikasema, "Sikahau!" Ukaachia kochi. Ukaja.

Sasa kile ambacho sikukusimulia. Siku moja nilikuwa nimechoka, nina njaa, na asubuhi nilikuwa nimegombana na mtu kwa ajili ya blanketi. Fundi Guo mwenyewe alikuja kunipokea gogo upande wa pili. Niliachia kabla hajasema. Niliona tu vumbi limeruka, halafu nikamsikia yeye. Mguu wake wa kushoto ulikuwa chini ya gogo.

Wakubwa walipokuja kuuliza, Fundi Guo alisema ameteleza. Alisema hivyo huku ananitazama mimi. Kibarua mzembe alikuwa anafukuzwa siku hiyo hiyo, bila cheti, bila chochote. Mimi nilibaki. Nikamaliza na cheti changu, cheti kikanipeleka chuo cha ufundi, na chuo ndicho kilichonileta huku. Yeye alirudi kwao na mkongojo. Na kabla hajaondoka, Atu, sikumwambia samahani. Nilisimama pale kwenye mstari na wenzangu nikampa mkono kama wengine wote. Nilikuwa kijana mjinga, nilidhani mwanamume akinyamaza jambo linaisha.

Halikuisha. Ndiyo maana tulikwenda Uchina.

Kwenye kitabu changu cha kazi alikuwa ameniandikia anwani yake. Bibi Chen wa ghorofa ya nne, aliyekuwa anakaa na wewe baada ya shule wakati mimi na mama yako tuko zamu, ndiye aliyeniandikia ile barua ya kwanza. Fundi Guo akajibu: njooni, pandeni treni ya asubuhi kutoka Beijing, mshuke Shanhaiguan, pale Ukuta unapoingia baharini, nami nitakuwa nimesimama palepale treni inaposimama. Nyinyi niliwaambia tunakwenda kutalii na kumsalimia rafiki. Sikuwaambia nakwenda kuomba radhi. Bibi Chen alinifundisha neno la radhi kwenye ngazi, nikawa nalikariri huku nasafisha mifereji.

Unaikumbuka treni yenyewe. Viti vigumu, kila mtu na chupa yake ya majani ya chai, watu wanamenya mayai na kutema maganda ya mbegu za alizeti. Mama yako akatoa andazi la mwisho la safari, lenye harufu ya iliki. Yule mama mnene wa kiti cha mbele akalinusa, akacheka, akatupa mayai mawili. Wewe ukaanza kuongea naye Kichina chako cha kwa Bibi Chen. Behewa zima likageuka kukutazama. Nami, badala ya kuona fahari, niliona wivu. Ndiyo, wivu kwa mtoto wangu. Kanisani wote wananiita Mchina, na pale Uchina kwenyewe hakuna aliyeniuliza kitu.

Ndipo yule mama akasimama kupandisha kapu lake juu. Nikaruka. Nikashika upande mmoja nikasema kwa sauti ya kiume, "Sikahau!" Hakuachia. Akanitazama tu. Nikarudia kwa nguvu zaidi, "Sikahau, mama, sikahau!" Watu wakaanza kucheka. Wewe nawe ukacheka, bila ubaya wowote, ukaniambia kwa Kiswahili safi, "Baba, hicho si Kichina."

Mle ndani hakuna mtu aliyeelewa ulichosema ila mama yako. Lakini mimi nilijiona nimevuliwa nguo. Nikakwambia, "Nyamaza! Mtoto wa jana wewe." Ukageukia dirisha.

Kisha treni ikasimama Beidaihe. Watu wakaanza kushuka na maboya ya mipira na kofia za jua, harufu ya bahari ikaingia dirishani. Nikasimama.

"Ndiyo hapa," nikasema. "Bahari hiyo. Chukueni mizigo."

"Baba, si hapa," ukasema. "Dada wa treni amesema bado vituo viwili."

"Nani aliyejenga reli na Wachina, mimi au wewe?"

"Baba Atu," mama yako akasema, "hebu msikilize mtoto."

"Mtoto gani! Shukeni!"

Tukashuka. Treni ikaondoka. Wewe ulisoma kibao cha kituo, ukanitazama, hukusema neno. Nadhani ungesema ningeweza kuvumilia. Tulikaa kwenye lile benchi mpaka jua likatuhama, na mimi nikajifanya nasoma ramani niliyoishika juu chini. Mama yako aliona, akaacha.

Tulifika Shanhaiguan saa tisa. Hapakuwa na mtu anayetungoja. Uliongea na yule mwanamke wa tiketi, ukarudi na kipande cha boksi mkononi. Alikuwapo mzee mmoja mwenye mkongojo, ukasema. Amesimama mpaka treni tatu zimepita, halafu ameshindwa na mguu, ameondoka. Kile kipande cha boksi kilikuwa kimeandikwa kwa wino mweusi, herufi zimepinda na K imegeuka nyuma: KARIBU.

Barua yenye anwani yake nilikuwa nimeiacha hotelini Beijing, kwenye koti jingine. Treni ya mwisho ya kurudi ilikuwa saa kumi na moja. Kesho yake tulikuwa na ndege.

Mama yako ndiye aliyesema basi angalau tukauone Ukuta, tusiende nyumbani na benchi peke yake. Tukapanda ile baiskeli ya magurudumu matatu ya kubebea watu. Ukuta nao ulikuwa mkubwa kweli, mawe kwa mawe, unashuka mpaka majini na kuishia hapo. Mtalii mmoja akatupiga ile picha. Na alipoturudishia kamera, nikakugeukia, nikakwambia maneno ambayo wewe unayakumbuka na mimi nayakumbuka. Nayaandika ili usidhani nimesahau: "Umefurahi sasa? Ungesema kwa adabu ningekusikia. Umenikosesha mtu niliyevuka dunia nzima kuja kumwona."

Ulikuwa na miaka kumi na minne. Ukarudisha vidude vyako vya kaseti masikioni. Usiku ule hotelini ukaniambia "Good night, Dad," na toka hapo nimekuwa Dad. Kiswahili unanisikia, unajibu kwa Kiingereza. Watu wakiniuliza nasema, aa, watoto wa huku ndivyo walivyo. Najua siyo huku. Ni mimi.

Bado, mwanangu. Ule uongo mkubwa ndio huu sasa.

Miezi michache baada ya safari Fundi Guo aliandika. Niliogopa kuipeleka barua kwa Bibi Chen, maana angekwambia. Nikapanda mabasi matatu mpaka Richmond Hill, kwa mama mmoja mwenye duka la dawa za mizizi ambaye nilikuwa nimemtengenezea bomba. Akanisomea palepale kaunta. Fundi Guo anasema alinisubiri, na nisijisumbue moyo, treni ni treni. Anasema alitaka kunipokea kwa neno moja la Kiswahili ambalo hajalisahau. Wajukuu zake hulisema wakihamisha meza: sikahau.

Nikamwambia yule mama, "Hapana, umesoma vibaya. Hilo ni neno lenu."

"Kwetu hakuna neno hilo," akasema. "Mwenyewe ameandika, ni Kiswahili."

"Mama, Kiswahili ni changu, mimi ndiye ninayejua!"

"Na Kichina ni cha nani?"

Tukabishana pale mbele ya mizizi yake mikavu mpaka wateja wakasogea pembeni. Mwisho akachoka. Akasema labda mwishoni mwake kuna "hao", ambayo kwao ni vizuri, ila hiyo "sika" yeye haijui. Nikatoka. Basi la pili lilipofika kituo cha Finch nikawa nimelitafuna lile neno mdomoni mara hamsini, sika, sika, na nikajipiga kofi la paji la uso hadi dereva akanitazama kwenye kioo. Shika! Ilikuwa shika, mwanangu. Fundi Guo alikuwa ameokota "shika" yetu, ulimi wake ukaipinda, akaibandika "hao" yao mwishoni. Shika vizuri. Sisi tukasikia ile hao tukajua ni Kichina kitupu. Wao wakasikia ile shika wakajua ni Kiswahili kitupu. Tumebeba mzigo mmoja miaka ishirini, kila upande unadhani ni wa mwenzake.

Ningekuwa mtu wa maana ningepanda ngazi mbio nikakwambia, Atu, ulisema kweli, njoo ucheke na mimi. Badala yake barua nimeificha kwenye hili hili sanduku la spana. Sikumjibu hata Fundi Guo. Kila mwaka mpya wa kwao huleta kadi yenye picha ya treni, na kwa kuwa mimi ndiye mwenye funguo za masanduku ya barua ya jengo zima, nazitoa kabla hamjaziona. Ya mwaka huu imekuja pia, kwa hiyo mzee yupo. Nilikaa kimya kwa sababu nikikubali habari ya neno, itabidi nikubali habari ya kituo, na ya Ukuta, na hatimaye ya gogo.

Ndipo ukaja na ile karatasi yako ya kwenda kusoma Tianjin mwaka mzima. Miezi mitano nimekukatalia. Nilisema ni mbali. Nilisema nani atakuangalia ukiugua. Ulipolia chumbani nilikusikia, nikaongeza sauti ya televisheni. Sababu yenyewe, haki ya Mungu, ni kwamba Tianjin iko kwenye njia ile ile. Nilijua utapanda ile treni, utamtafuta, na atakwambia mguu wake ulivunjwa na nani. Niliogopa utanijua. Nilikuwa tayari kukuvunjia safari yako ili mimi nisijulikane.

Wiki tatu zilizopita, nilipokuwa nafunga bomba la ghorofa ya sita, nikasema basi. Nikapanda juu nikakwambia nenda. Ulidhani mama yako amenishinda. Hajanishinda mtu, nimechoka tu kujificha nyuma ya mtoto.

Samahani, Atupele. Ulisema kweli ndani ya treni, ulisema kweli kituoni, na nilikutukana kwa sababu ya kusema kweli. Hukunikosesha mtu. Mimi ndiye niliyejikosesha, na wewe nikakupoteza siku hiyo hiyo.

Mawaidha sina, na ningekuwa nayo usingeyapokea kutoka kwangu. Nakuomba kitu kimoja tu, ukikosea huko, na utakosea, sema siku hiyo hiyo. Sema hata kwa lugha mbovu. Mimi nilikuwa nangoja maneno mazuri, nikayakariri mwaka mzima, na nikashuka kituo sicho.

Ndani ya bahasha hii utakuta barua ya Fundi Guo, kadi zake zote, na kile kipande cha boksi cha KARIBU. Nilikitunza. Iko pia barua yangu kwake, nimeiandika Jumanne, kwa Kiswahili, na ndani yake nimesema gogo niliachia mimi. Ukitaka, nenda umsomee kwa Kichina. Usipotaka, itie posta, Bibi Chen ameandika anwani juu. Na ndiyo, nilimwambia kila kitu jana. Alinipiga begani kwa kijiti chake cha kulia chakula, halafu akanipa chai. Kosa ni langu, sikutwiki wewe. Mwakani nikipata likizo nakuja mwenyewe. Utanishika mkono, utaniambia tushuke wapi, nami nitashuka hapo.

Nasikia mlango wa juu, nadhani mmerudi. Nimalizie.

Kesho pale uwanjani lile begi lako kubwa litapandishwa kwenye mzani. Ni zito, mama yako ametia unga ndani, usimwambie nimekwambia. Nitashika upande mmoja na wewe mwingine. Nyuma yetu watu watakuwa wanasukumana, yule wa kaunta atakuwa anatuharakisha, na mama yako atakuwa ameshaanza kulia. Mimi nitakuwa nimeshika. Niite Dad, niite Baba, yote nitaitika, lakini mkono wangu hautatoka kwenye begi lile. Niliachia mara moja kabla sijasikia, na sirudii. Kwa hiyo ukiwa tayari, ukiona umelishika barabara, nitazame usoni useme lile neno letu.

Nikilisikia, nitaachia.

Baba